Ligi ya Fantasy Imeleta Kesi: Dalili, Chanzo na Pa Kuanzia

Msimu wa sita huu nasimamia ligi binafsi ya Fantasy Premier League (FPL), mchezo wa mtandaoni ambapo unapanga kikosi cha wachezaji wa Ligi Kuu ya Uingereza na kupata pointi kwa wanachofanya uwanjani. Ligi yetu ina watu 34: wengine wa ofisini, wengine wa mtaani, watatu wako Maskati. Tangu msimu wa pili nina kaunta buku. Kila lalamiko linaingia humo na tarehe yake, na jibu tulilofikia. Nikilipitia naona malalamiko ni yale yale, wanaobadilika ni walalamikaji. Na karibu kila mmoja huanza kwa kusema kwamba FPL imemwibia. Mtandao wao una makosa yake, sikatai, lakini humu kwenye buku kesi za namna hiyo ni za kuhesabu kwa vidole. Zilizobaki ni saa, ni kanuni ambazo mtu hakuzisoma, au ni kanuni ambazo mimi admini sikuziandika.

Kwa hiyo kwenye kila dalili nimeweka mbele chanzo kinachojirudia sana, nikashuka hadi kile cha nadra. Anzia juu. Ukifika palipoandikwa ACHA, acha kweli.

"Nilipanga timu, haikushika"

Chanzo kinachoongoza ni saa. Dirisha la kupanga timu hufungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya wiki, si kabla ya mechi ya mchezaji wako. Mechi ya kwanza ikianza Jumamosi saa 12:30 kwa saa za Uingereza, dirisha limefungwa saa 11:00 za kwao. Kwetu Dar hiyo ni saa 7 mchana kuanzia Agosti. Jumapili ya mwisho ya Oktoba Waingereza hurudisha saa nyuma, na kwetu inakuwa saa 8. Hapo haumii mtu, umeongezewa saa nzima ya kusitasita. Kilio huja Aprili. Jumapili ya mwisho ya Machi wanasogeza saa mbele, dirisha linarudi saa 7, na watu wamezoea saa 8 miezi mitano mfululizo. Vivyo hivyo mechi za Ijumaa usiku: zikianza saa 20:00 za kwao, kufunga ni saa 2:30 usiku kwetu mwanzoni mwa msimu na saa 3:30 baada ya Oktoba.

Chanzo cha pili ni saa pia, lakini ya Kiswahili. Niliwahi kuandika kwenye grupu "dedilaini leo saa 1", nimeinakili vile vile 1:00 niliyoiona kwenye simu. Fundi friji wetu akajibu "poa admini", akaendelea na kazi zake Mbagala, saa 12 jioni akafungua programu ili apange timu kabla ya saa 1 usiku. Akakuta mechi nne zimeshaanza na kepteni wake ni beki anayetumikia adhabu ya kadi nyekundu. Kosa lile lilikuwa langu, na soda za siku ile nilinunua mimi. Siku hizi naandika hivi: "Saa 7 mchana Dar, saa 8 mchana Maskati." Kila mji na saa yake, na neno mchana au usiku halikosekani.

Kama saa haikuwa tatizo, angalia kama ulihifadhi. Kumsogeza mchezaji kutoka benchi kwenda uwanjani hakutoshi, kuna kitufe cha kuhifadhi chini, na usajili una hatua yake ya kuthibitisha. Toka kwenye programu, ingia upya. Ukikuta timu iko ulivyoipanga, hiyo ndiyo risiti yako. Piga picha ya skrini ikionyesha na saa ya simu.

Kinachofuata ni msongamano. Dakika kumi za mwisho dunia nzima iko pale, ukurasa unazunguka tu. Dawa yake ni kupanga timu ya dharura mapema, kisha usubiri habari za majeruhi ukiwa na kitu mkononi tayari.

Cha nadra, ila nimekutana nacho mara mbili: mtu ana akaunti mbili kwa barua pepe mbili. Simu imeingia kwa ile ya zamani, anapanga timu ambayo haimo kwenye ligi yetu kabisa. Linganisha jina la timu lililo kwenye ligi na lililo juu ya ukurasa wako.

ACHA: ukishapita yote hayo na una picha yenye saa, waandikie FPL wenyewe kupitia ukurasa wao wa msaada. Admini wa ligi hana kitufe cha kurudisha pointi. Ukimpigia simu saa tano usiku utamnyima usingizi tu.

"Kepteni kanipa mbili, naibu ana kumi na tano"

Pointi za kepteni wako huzidishwa mara mbili. Naibu hachukui kitambaa kwa sababu kepteni kacheza vibaya. Anachukua pale tu kepteni asipocheza kabisa. Kepteni akiingia dakika ya 89 akagusa mpira mara moja, amecheza. Unapata pointi 1 mara mbili, basi. Wasipocheza wote wawili, wiki hiyo hakuna wa kuzidishiwa.

Kuna moja inayowashangaza hata wakongwe. Mchezaji aliye benchi la timu yake akipewa kadi ya njano bila kuingia uwanjani, FPL inamhesabu kuwa amecheza. Anakupa hasi 1, hatolewi, na kama ndiye kepteni, anakupa hasi 2 huku naibu akiendelea kuangalia. Mtu wa kwanza kukutwa na jambo hili kwenye ligi yetu alinitumia ujumbe: "Kaka, timu yangu imerogwa." Nilimwonyesha kanuni. Hakuridhika, ila alinyamaza.

"Benchi langu lina pointi 19 na hakuna aliyeingia"

Subiri kwanza. Mabadiliko ya benchi hufanyika wiki ya mechi ikishaisha. Kama kuna mechi ya Jumatatu usiku, kelele za Jumapili ni za bure.

Wiki imeisha na bado? Angalia mpangilio wa benchi. Mfumo unaanza na wa kwanza kushoto, hautafuti mwenye pointi nyingi. Kisha angalia muundo: lazima wabaki mabeki wasiopungua 3 na mshambuliaji angalau 1. Ukicheza na mabeki 3 na mmoja asicheze, kiungo wako wa kwanza benchi atarukwa hata kama ana pointi 12, ataingia beki aliye nyuma yake hata kama ana 1. Kipa hubadilishwa na kipa tu.

Na mechi ikiahirishwa, wachezaji wake wanahesabiwa hawakucheza wiki hiyo. Pointi zao zitakuja na wiki mechi itakayopangiwa.

"Nimewasajili, wiki iliyofuata wametoweka"

Ulitumia Free Hit ukidhani ni Wildcard. Hizi ni chipu, yaani nguvu za ziada unazotumia mara chache tu kwa msimu. Sina mwaka ambao kosa hili halimo kwenye buku. Wildcard inakupa usajili usio na kikomo na kikosi kinabaki chako. Free Hit ni nguo ya kuazima ya harusi: unang'ara siku moja, kesho yake inarudi kwa mwenyewe. Zote mbili ukishathibitisha hazirudi nyuma. Bench Boost (pointi za benchi nazo zinahesabiwa) na Triple Captain (kepteni anazidishwa mara tatu) ndizo unazoweza kuzifuta kabla ya dirisha kufungwa. Kwa msimu wa 2025/26 chipu hizi zilitolewa seti mbili, na seti ya kwanza mwisho wake ulikuwa dedilaini ya wiki ya 19. Asiyetumia aliipoteza, na walikuwepo.

Kama hukutumia chipu yoyote na kikosi kimebadilika, sasa hofu. Uliza kwanza nyumbani. Kwenye ligi yetu kijana wa darasa la saba aliwahi kuuza washambuliaji wote wa baba yake akanunua wa Arsenal. Ikiwa si wa nyumbani, badilisha nenosiri la FPL na la barua pepe siku hiyo hiyo, na kama ni lile lile unalotumia kwingine, badilisha na huko.

ACHA: ukiona barua pepe yenyewe imeingiliwa, Fantasy si tatizo lako tena. Namba ya simu na akaunti ya benki vinaweza kuwa vimefungwa kwenye barua pepe hiyo. Piga simu benki na kwa mtandao wako wa simu kwa namba zao rasmi, na utoe taarifa polisi kama kuna hela imegusika.

"Bei yake ni 6.3, mimi napewa 6.1"

Hujaibiwa. Bei ni za hela ya mchezo, kwa mamilioni. Ulimnunua 6.0, amepanda 0.3, na FPL inakupa nusu ya faida ikishushwa hadi 0.1 ya karibu. Nusu ya 0.3 ni 0.15, inakuwa 0.1. Akishuka bei, hasara yote ni yako.

"Jana nilikuwa naongoza, leo niko wa tatu"

Pointi za wakati mechi inaendelea si za mwisho. Bonasi za 3, 2 na 1 kwa waliong'ara zaidi kwenye mechi huthibitishwa baadaye, na pasi ya goli inaweza kupewa au kunyang'anywa mtu wakishaangalia upya. Tangu 2025/26 kuna na pointi 2 za ulinzi: beki akifikisha vitendo 10 vya kuokoa, kuzuia, kunasa na kupokonya mpira, au kiungo na mshambuliaji akifikisha 12, ambapo kwao inahesabiwa na kurudisha mipira iliyopotea. Beki aliyekwama kwenye 9 akiongezewa kitendo kimoja baada ya ukaguzi, msimamo unapinduka. Usitangaze mshindi wa wiki hadi msimamo wa ligi usasishwe. Mimi niliwahi kutuma hela ya mshindi Jumatatu usiku. Kuirudisha Jumanne asubuhi ilikuwa kazi kuliko msimu mzima.

Chanzo cha pili ni makato. Usajili unaozidi ule wa bure hukatwa pointi 4 kila mmoja. Mtu ana 71 kwenye wiki lakini alikatwa 8, mwingine ana 66 safi. Nani mshindi wa wiki? Jibu haliko FPL, liko kwenye kanuni zenu. Sisi tunahesabu baada ya makato, na admini anafungua historia ya timu zote tano za juu kabla ya kutangaza. Zawadi ya mwezi nayo iandikwe kwa namba za wiki, mfano "Oktoba ni wiki ya 7 hadi ya 9", msije mkabishana wiki iliyoanza Ijumaa tarehe 31 na kuisha tarehe mosi ni ya nani.

"Hela ya ligi haitimii"

Hapa ndipo ligi zinapofia, basi tukae kidogo.

Sisi tunachanga 20,000 kila mtu. Watu 34, ni 680,000. Zawadi za mwezi ni 20,000 kwa miezi kumi, 200,000. Mshindi wa kwanza 240,000, wa pili 120,000, wa tatu 70,000. Inabaki 50,000. Hiyo 50,000 msimu wa kwanza hatukuwa nayo, tuligawa yote mpaka shilingi ya mwisho, na mwisho wa msimu mshindi akapokea pungufu akadhani mweka hazina amedokoa. Hakudokoa mtu. Yalikuwa makato ya kutuma na kutoa, mara kumi za zawadi za mwezi, pamoja na wachangiaji waliotuma 20,000 kamili bila ya kutolea. Ndiyo maana cha kwanza kuangalia hela isipotimia ni makato ya miamala. Fungua taarifa ya miamala, jumlisha, utaona.

Cha pili ni waliosema "nitatuma mwisho wa mwezi". Ligi yenye watu 34 kwenye msimamo inaweza kuwa na walipaji 29. Dawa tuliyoona inafanya kazi ni tarehe: asiyelipa hadi wiki ya 4 anabaki kwenye msimamo lakini zawadi inamruka, inakwenda kwa anayefuata. Liandikwe kabla ya wiki ya 1 na kila mtu ajibu "nimekubali" kwenye grupu. Bila hivyo, asiyelipa ndiye atakayeongoza ligi. Sijui kwa nini, ila ndivyo inavyokuwa.

Cha tatu, mweka hazina amekopa. Nasema amekopa kwa sababu hivyo ndivyo wote huanza. Wetu alikuwa mtu mwema, mtoto akaugua, hela ilikuwa kwenye simu yake. Alilipa yote mwezi Juni, lakini miezi miwili ile watu hawakusalimiana. Tangu hapo hela inakaa kwenye akaunti ya kikundi ambayo kutoa kunahitaji idhini ya watu zaidi ya mmoja, na kila mwisho wa mwezi picha ya salio inawekwa kwenye grupu bila kuulizwa.

Cha nne ni matapeli. Mtu anajiunga kwenye grupu kwa kiungo kilichosambaa, anaweka picha ya admini, anawaandikia watu faragha: "ile hela ya ligi tuma kwenye namba hii, ile nyingine ina shida". Wimbo huo Watanzania tunaujua, na bado watu wawili walituma. Namba ya kulipia ibandikwe juu kwenye grupu siku ya kwanza, na isibadilike katikati ya msimu kwa sababu yoyote. Jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri lisomwe.

ACHA mara tatu hapa. Hela ikienda namba isiyo sahihi, usimpigie aliyepokea ukaanza kumtukana. Wasiliana na huduma kwa wateja wa mtandao wako mara moja, na usimpe mtu yeyote namba ya siri hata akijitambulisha kuwa ni wao. Ligi ikianza kupokea watu msiowajua, ikatangazwa mitandaoni na admini akakata chake, hiyo si tena mchango wa marafiki: simamisha makusanyo, mwone mwanasheria, kwa sababu Tanzania kuna Bodi ya Michezo ya Kubahatisha na kuna leseni. Na ukiona mwenzenu anaanza kukopa ili aingie ligi nne, tano, anafukuzia hela aliyopoteza, usimpe msimbo wa ligi nyingine. Ongea naye pembeni, na umshawishi amwone mshauri nasaha.

"Timu zimekufa, ligi imepoa"

Kwenye ligi ya kawaida timu iliyotelekezwa haina madhara, zaidi ya aibu kwa wanaohangaika kila wiki na bado wako chini yake. Madhara yapo kwenye ligi ya ana kwa ana, ambapo kila wiki timu mbili hupambana na mwenye pointi nyingi hushinda. Aliyekutana na timu hiyo Septemba alikutana na mtu hai, anayekutana nayo Februari anakutana na majeruhi sita na pointi 3 za bure. Ratiba ikishatoka ligi inapoanza, hamuwezi kuongeza mtu. Kwa hiyo ana kwa ana waingizwe wale tu waliomaliza msimu uliopita wakiwa hai. Mkiwa idadi isiyogawanyika kwa mbili, mtaona timu iitwayo Average kwenye ratiba. Si mgeni wala tapeli, ni wastani wa pointi tu, wa kujaza nafasi. Kuna mtu alitaka tuifukuze.

Asiyeonekana kabisa kwenye ligi, mara nyingi aliingiza msimbo wa msimu uliopita, au alijiunga na ligi ya kawaida akidhani ndiyo ya ana kwa ana.

"Mtu mmoja ana timu mbili"

Kanuni za FPL zinaruhusu timu moja kwa mtu. Lakini kufanana si ushahidi: wiki ambayo kila mtu ana Haaland, vikosi vya watu kumi vinafanana. Angalia usajili wa wiki kadhaa, chipu na wiki zilizotumika. Vikienda sambamba hadi mpangilio wa benchi, muulize mhusika faragha kabla ya grupu. Kwetu mara ya pekee ilikuwa mume anayempangia mke timu. Tulikubaliana kila mmoja apange ya kwake kuanzia wiki iliyofuata. Mke alimaliza wa tano, mume wa kumi na tisa.

"Tumefungana pointi"

Hii hutokea mara chache, ila ikitokea inatokea siku ya mwisho. Kwenye ligi ya kawaida FPL humweka juu aliyefanya usajili mchache, bila kuhesabu uliofanywa kwa Wildcard na Free Hit. Kama kanuni zenu zinasema mnafuata msimamo wa FPL, kesi imekwisha. Zetu hazikusema. Wa kwanza alikuwa na usajili 41, wa pili 44. Wa pili, shemeji yangu, akauliza tangu lini uvivu ukawa sifa ya bingwa. Grupu likagawanyika, ujumbe zaidi ya mia mbili kwa usiku mmoja, Maskati nao wakaamka. Saa 6 usiku tukachukua 240,000 na 120,000, tukajumlisha, tukagawa katikati. Kila mmoja 180,000, na makato ya kutuma nikalipa mimi.